Mate ya Mtaa wa Ukuni Mbichi

“Mate yangu simpi hata mume wangu, sembuse serikali!”

Bi Chausiku alisema hayo ameshika kiuno, mguu mmoja ndani ya ua wake na mwingine nje, ili mtaa mzima usikie na asije mtu akadai hakusikia.

“Shoga, ni kidogo tu,” Bi Sikudhani alimjibu kutoka upande wa pili wa ua wa makuti. “Unatema, wanafunika, wanakwenda zao. Mbona kila asubuhi unatema mlangoni kwangu bure?”

“Kwako natema kwa sababu nakujua unapolala. Hao wa wizarani nawajua? Watu wamelogwa kwa unyayo tu, mchanga waliokanyaga, wakavimba miguu mpaka leo. Wewe unanambia nikateme kwenye kichupa kilichoandikwa jina langu! Mchawi gani amewahi kurahisishiwa kazi namna hiyo?”

“Wamesema kichupa kimoja kisipojaa, mtaa mzima unawekwa kando. Hatapimwa mtu. Na mwanangu mimi natarajia aonekane humo kwenye mashine.”

“Mwanao hayumo kwenye mashine,” alisema Bi Chausiku. “Mwanao yumo kwenye lori. Au umesahau?”

Waliokuwa wakitwanga waliacha michi juu. Hata kuku, wanasema, waliacha kuparura. Mtaa wa Ukuni Mbichi ulikuwa na matusi ya kila aina, ya nguoni na ya chumbani, lakini lile la lori lilikuwa halijawahi kutolewa. Bi Sikudhani aliwapa kisogo. Aliingia ndani, akafunua kawa, akaitazama sahani ya wali iliyokuwa chini yake, akaifunika tena.

*

Hapa inabidi msomaji aelezwe, maana huenda anatoka nchi za kawaida.

Nchi yenyewe jina lake linaheshimiwa mno. Kulitamka kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa kibali nayo haitajwi. Mkuu wake aliitwa Baba wa Wote. Mwaka mmoja Baba wa Wote aliugua jino. Kwa kuwa hospitali za nchini zilikuwa bora kupita zote duniani, hakutaka kuwabana wananchi kwenye foleni, akaenda kujitibia ng’ambo. Huko mganga wa meno akampima mate kwa takrima, ikabainika kwamba vinasaba vyake vinahusiana na vya mfalme mmoja wa kizungu aliyekufa karne nyingi zilizopita kwa kula samaki aina ya mikunga kupita kiasi.

Baba wa Wote alirudi nyumbani na jino jipya na msiba. Bendera zikashushwa nusu mlingoti. Wananchi wakaamriwa kumlilia mfalme yule, nao wakamlilia vizuri, maana kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia na kwa huyo hakuwa na ruhusa. Baada ya matanga ikaundwa Wizara ya Damu na Undugu, ikanunuliwa mashine, na ikatangazwa kwamba kila raia atapimwa apatiwe ndugu zake waliopotea.

Kusema kweli, kisheria katika nchi ile hakukuwa na aliyepotea. Kulikuwa na waliojitolea. Kila mwaka, Siku ya Kujitolea, malori yalipita mitaani yakiwachukua vijana kwenda kujenga taifa, nao vijana walipanda kwa moyo mkunjufu, baadhi yao wakiwa wamefungwa kamba ili furaha isiwazidi wakaanguka.

Sudi, mwana wa pekee wa Bi Sikudhani, alijitolea akiwa ametumwa nazi. Masharubu ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kumtoka. Mama yake aliweka sufuria jikoni akisubiri tui. Lori likapita. Nazi ilibaki ikibingirika barabarani, ikaokotwa na Bi Chausiku, akaikuna, akaiunga mchicha. Alipoulizwa alisema cha kuokota si cha kuiba, na mchicha, tumpe haki yake, ulikolea.

Tangu siku hiyo Bi Sikudhani alipika na kupakua sahani moja ya ziada, akaifunika kwa kawa. Sahani ya Sudi. Alikuwa mwanamke asiyeweza kula peke yake. Nyumba yake ilijaa watu kama kisima, wa kuazima chumvi, wa kusuka nywele, wa kusengenya tu. Jua likielekea magharibi bila Sudi kutokea, alisema, “Basi aliye karibu aile, chakula kisilale.” Na aliyekuwa karibu, mara nyingi kuliko wote, alikuwa Bi Chausiku.

*

Afisa Mate wa Kata alikuwa amevaa glavu mpaka kwenye viwiko. Aliwaletea kreti la vichupa, akasoma sheria, akaondoka upesi kwa sababu mtu mmoja alikuwa anakohoa.

Watu wakakusanyika uani kwa Bi Sikudhani, mahali pao pa siku zote, na kila mmoja akatoa udhuru. Wengi waliogopa uchawi. Fundi baiskeli wa pale kona alikuwa na sababu yake. “Mimi na watoto wangu tunapendana,” alisema, akiwatazama wanawe, ambao hakuna hata wawili waliofanana. “Sitaki mashine ituingilie.” Mzee Ng’ombo, mjane wa miaka mingi, mwenye ndevu mpaka kifuani, alisema mate aliyobakiwa nayo ni ya kumezea dawa.

“Jamani,” Bi Sikudhani aliwaambia, “mnanikosesha mwanangu kwa mate?”

Wakainamisha nyuso. Walimpenda. Walikuwa wamekula kwake sana.

“Basi leteni hivyo vichupa,” alisema. “Vyote. Nitatema mimi.”

Ilikuwa kama ngoma. Wakamkalisha kwenye mkeka, wakamletea ukwaju, embe bichi za kutia chumvi na pilipili, ndimu zilizokatwa vipande. Kila akitema, wanapiga vigelegele. Mdomo ukimkauka, wanamsimulia mapishi: pweza wa nazi, achari, mabungo. Bi Chausiku naye alikuja, ugomvi wa asubuhi ukiwa umesahaulika kwake, maana waliotukana husahau upesi kuliko waliotukanwa. Akaleta ndimu yake mwenyewe.

“Changu kijaze mpaka juu, shoga,” alisema. “Nisionekane maskini.”

“Chausiku, na wewe?”

“Nakusaidia umpate mwanao! Tema!”

Mpaka adhuhuri inaadhiniwa kreti lilikuwa limejaa, na Bi Sikudhani alikuwa hawezi kutamka hata jina lake. Akawaonyesha kwa mkono sahani iliyofunikwa: mwenye njaa ale.

*

Mvua zilikuja zikaenda ndipo Waziri wa Damu na Undugu alipofika kutangaza majibu. Alifika na kamera, na bendi, na askari, na nyuma kabisa lori lililofunikwa turubai. Bi Sikudhani alipoliona lori lile alishika bega la Mzee Ng’ombo.

“Ndugu wananchi!” alianza Waziri. “Na leo nawaita ndugu nikiwa na ushahidi! Zamani tuliambiwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Yalikuwa maneno ya watu wasio na umeme. Leo, chini ya Baba wa Wote, uchungu wa mwana aujuaye ni serikali!”

Makofi. Waziri akanywa maji, akafunguliwa bahasha.

“Mashine imefanya kazi ya kihistoria. Imegundua kwamba Mtaa wa Ukuni Mbichi, kwa vinasaba, ni mtu mmoja.”

Mtu akapiga makofi kwa woga, wengine wakamfuata.

“Nawapongezeni kwa umoja huu! Na kwa kuwa serikali haiwezi kumhudumia mtu mmoja kana kwamba ni wengi, kuanzia leo mtaa huu utapewa mgao wa mtu mmoja. Sukari ya mtu mmoja. Kitanda kimoja hospitali. Uchaguzi ukifika, kura moja, nayo tumeshawapigia ili msisumbuane.” Akageuza ukurasa. “Mtu huyo ni mwanamke. Umri wa kuzaa umekaribia kumpita. Yuko wapi Ng’ombo?”

Mzee Ng’ombo akanyoosha mkono.

“Mashine inasema wewe ni mama wa mtoto mmoja.”

“Mheshimiwa, mimi nina ndevu.”

“Nimeziona. Mashine haikosei. Mashine ikisema wewe ni mwanamke na wewe ukajiona mwanamume, kasoro iko kwako. Utaripoti kliniki ya wazazi kesho.”

“Nimesikia, mheshimiwa,” alisema Mzee Ng’ombo, ambaye nduguye aliwahi kumbishia karani wa posta na hakuonekana tena.

“Na sasa,” Waziri alipaza sauti, bendi ikapiga ngoma, “mtu huyo mmoja ana mtoto, na serikali imempata! Alikuwa Kambi ya Furaha, akivunja mawe ya chokaa kwa hiari. Fungueni!”

Turubai likafunuliwa. Nyuma ya lori alisimama mwanamume mwembamba, nywele nyeupe kwa chokaa kama mzee, masharubu yamejaa. Alikuwa anauma mdomo wa chini upande wa kushoto. Hivyo ndivyo Sudi alivyokuwa akifanya tangu utoto, akitumwa na asitake kwenda.

“Sudi!” Bi Sikudhani alipiga ukelele, khanga ikamdondoka kichwani. “Sudi wangu! Mwanangu mie!”

Mwanamume wa kwenye lori akageuka. Macho yao yakakutana. Akafungua mdomo. Askari aliyesimama nyuma yake akamwekea mkono begani, kwa upole, kama mtu anayefunga kifuniko.

“Taratibu, mama,” alisema Waziri. “Wako kwa misingi gani? Hapa wote damu ni moja. Hata huyu mwenye ndevu ana haki sawa na wewe.”

“Mheshimiwa, mate yale yote ni yangu! Nilitema mimi peke yangu! Watu walikuwa wanaogopa, nikawatemea! Waulize! Nilikuwa natafuna ukwaju!”

Watu wakasogea nyuma, kila mmoja akitafuta mgongo wa mwenzake. Waziri akatabasamu kuelekea kamera.

“Mnamsikia? Mashine iliyozinduliwa na Baba wa Wote kwa mkono wake, imedanganywa na ukwaju.” Bendi ikacheka, ilikuwa imelipwa kwa hilo. “Haya. Kujaziwa kichupa na mwingine ni uhaini, na adhabu yake mnaifahamu. Ambaye hakutema mwenyewe, anyooshe mkono.”

Haukunyooshwa mkono. Bi Sikudhani aliwatazama mmoja mmoja. Fundi baiskeli alikuwa amewakumbatia wanawe wote na kufumba macho. Alimtazama Bi Chausiku.

“Chausiku, shoga yangu. Ndimu ulileta wewe.”

“Mimi nilitema mpaka koo likakauka,” Bi Chausiku alisema, na kwanza ilikuwa sauti ya woga, woga wa kweli. Kila mtu angeweza kumsamehe. Kisha akaona kamera imegeuka upande wake, taa yake nyekundu ikiwaka. Akajifunga khanga vizuri. “Mheshimiwa, msamehe huyu jirani. Kichwa chake si kizuri tangu mwanawe…” Akasita. Akameza mate, yake mwenyewe. “Tangu mwanangu alipojitolea.”

*

Waziri alichukua muda mfupi kuamua, kwa kuwa hekima ilikuwa sehemu ya mshahara wake.

Kwanza, alisema, Bi Sikudhani amelia. Kulia maana yake kuna mtu alipotea, na hapakupotea mtu. Pili, nyumba ya Bi Chausiku ilikuwa na baraza ya saruji inayotazama barabara, kamera ingekaa vizuri. Tatu, mama huyu alikuwa mtulivu. Mama wa kweli, alisema Waziri, huwa mtulivu, kwa sababu anaiamini serikali.

“Kwa hiyo namkabidhi kijana kwa mama yake, Bi Chausiku. Ila sheria ni sheria, lazima niulize.” Akafungua bahasha nyingine. “Ndugu akibishaniwa, atarudishwa alikotoka mpaka ubishi uamuliwe na Mahakama ya Ubishi. Mahakama hiyo bado haijajengwa. Mawe yake ndiyo haya vijana wanayavunja.” Akamgeukia Bi Sikudhani, akamsogezea kipaza sauti mdomoni. “Mama. Unabisha?”

Lori lilikuwa halijazimwa injini.

Bi Sikudhani alitazama juu. Sudi alikuwa bado anauma mdomo. Mikono yake, iliyokuwa laini hata mama yake akawa akimtania kuwa ni mikono ya bibi harusi, ilikuwa imepasuka mpaka kwenye nyama, na chokaa imejaa kwenye mipasuko. Sudi alitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Haikujulikana kama anamwambia mama yake abishe au asibishe, na huenda mwenyewe hakujua.

“Mama, tunakusubiri. Unabisha?”

“Sibishi,” alisema Bi Sikudhani. Kipaza sauti kilikuwa kizuri, mtaa wa tatu walimsikia.

“Ya Allah, mwanangu!” alilia Bi Chausiku, akaikimbilia kamera.

*

Sherehe ya kumpokea mwana ilifanyika siku mbili baadaye, Waziri akiwa amerudi na kamera na lori lake, Bi Chausiku akiwa na nguo mpya na mchele wa serikali. Alichokosa ni vyombo. Lakini kwa desturi ya mtaa ule mwenye shughuli haombi vyombo, vyombo humfuata; na sufuria kubwa kuliko zote, na upawa, na mwiko wa kupindulia, vilikuwa vya Bi Sikudhani. Vijana walivibeba bila kuuliza. Kisha ikaonekana kwamba hakuna anayeweza kupika pilau ya umati wa watu isipokuwa yeye, wakaja kumbeba naye.

Alipika. Watu walitegemea atatia chumvi nyingi, au sumu, na wengine walikuwa tayari kumwelewa. Hakutia. Alikaanga vitunguu mpaka vikawa rangi ya asali, akaponda bizari nzima, akafunika sufuria kwa makaa juu na chini. Kando yake, miongoni mwa wanawake, Mzee Ng’ombo alikuwa akimenya vitunguu saumu.

“Kliniki wamesemaje, mzee?” mmoja alimuuliza.

“Wamenipima,” alisema Mzee Ng’ombo kwa unyonge. “Wamesema mtoto amekaa vizuri.”

Wakacheka mpaka wakalowa machozi, na Bi Sikudhani akacheka nao, halafu wenzake wakanyamaza, yeye akaendelea kidogo peke yake.

Ndani, kwenye sebule iliyopakwa rangi ambayo haijakauka, Sudi alikalishwa kati ya Waziri na mama yake wa kisheria. Wamemnyoa, wamemwogesha, wamemvisha kanzu. Chokaa imebaki masikioni tu. Kamera ikamsogelea. Akamega tonge, akatia mdomoni, akaacha kutafuna. Akakaa hivyo mpaka Waziri akageuka kumtazama.

“Kuna nini, kijana?”

“Mama,” alisema Sudi, lakini alisema akitazama dirisha la uani, “pilau yako haijabadilika.”

“Ibadilike vipi?” Bi Chausiku aliitikia, akimpangusa mdomo kwa ncha ya khanga. “Mkono wangu ni ule ule, mwanangu.”

Watu wakapiga makofi. Uani, Bi Sikudhani alikuwa amesikia. Alishika mwiko, akaanza kukwangua ukoko chini ya sufuria. Mtu asiyejua angedhani anafua chuma. Sudi, enzi zake, alikuwa anaweza kuacha nyama, ukoko hakuuacha. Akaupanga kwenye sahani, akaufunika kwa kawa lake, akauchukua mpaka mlango wa nyuma.

Askari akamzuia kwa kitako cha bunduki.

“Wewe ni nani wa kijana?”

Alifikiri. Injini ya lori ilikuwa inanguruma nje. Dereva alikuwa ameambiwa asizime mpaka wageni waondoke.

“Jirani,” alisema.

Bi Chausiku akatokeza mlangoni, uso unang’aa mafuta na furaha. Alipomwona akasita, na kwa kitambo kidogo haya ilimpita usoni kama kivuli cha ndege. Kisha akakumbuka kamera.

“Shoga! Umesimama juani kama mgeni wa mbali? Ingia, ingia ule!” Akampokonya ile sahani, akafunua kawa, akachota kipande cha ukoko, akakitafuna. “Jamani, na huu ulikuwa unauficha? Pita hapo mlangoni, pana nafasi. Jisikie uko kwako. Sudi, mwanangu! Njoo umnawishe jirani mikono.”

Kwa desturi, mtoto wa nyumba ndiye huwanawisha wageni. Sudi akainuka, akachukua birika na beseni, akaja akapiga goti mbele ya Bi Sikudhani. Kamera ikamfuata. “Mnaona undugu huo!” alisema Waziri, mdomo umejaa.

Bi Sikudhani akanyoosha mikono. Ilikuwa imeungua vidoleni kwa sufuria. Sudi akamimina polepole, na kwa mkono wa pili, ule uliopasuka, akasugua viganja vya mama yake, kwanza kimoja, kisha cha pili, akarudia cha kwanza. Maji yakaisha. Yeye akaendelea kuinamisha birika tupu.

“Inatosha, mwanangu,” Bi Chausiku alisema kwa sauti ya juu. “Mkaribishe.”

Sudi aliuma mdomo wa chini, upande wa kushoto.

“Karibu, jirani,” alisema. “Karibu ule.”